Thamostati ya Kiangazi

Huku Kainuu, kaskazini kwenye theluji ya nusu mwaka, yapo makosa ambayo mtu akiyafanya haambiwi usoni. Anaachwa aende zake, halafu anasemwa kwenye kahawa wiki nzima. Kubwa kuliko yote ni kuondoka na waya. Baridi ikishakaza, kila gari hulala limeunganishwa kwenye nguzo ya umeme uani ili injini ipashwe moto kabla ya safari, na kila mwenye akili zake huuchomoa waya kabla hajagusa usukani. Hilja Moilanen alikuwa na akili zake. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kutia chumvi kwa kukadiria tu katika sufuria la watoto mia na asikosee. Lakini asubuhi moja ya Januari aliingia garini, akawasha, akaondoka, na waya ukang'oka kwenye nguzo, ukapita chini ya gari na kumfuata nyuma kijiji kizima mpaka uwanja wa shule.

"Mama Hilja! Gari lako limeota mkia!" watoto walipiga kelele.

Alishuka akautazama. Tundu la umeme kwenye bampa lilikuwa limeng'oka, linaning'inia. Siku nyingine angeona haya mpaka masikio yawe mekundu, au angecheka. Siku hiyo hakuona haya wala hakucheka. Aliuviringisha waya, akautupa kiti cha nyuma, akaingia jikoni kumenya viazi.

Waya ulikuwa kazi ya Ensio. Tangu waoane, asubuhi zote za baridi, ni mumewe aliyetangulia nje kuuchomoa na kuutundika kwenye nguzo, na Hilja alikuta gari linamngoja. Ensio alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji. Mwezi wa Novemba, ilipoanguka theluji nzito ya kwanza, walimkuta kwenye kiti chake kando ya barabara ya Hyrynsalmi, moyo umesimama na injini bado inanguruma. Alikuwa ameegesha pembeni vizuri, taa za tahadhari zinamwekamweka, ili asimzibie mtu njia. Watu walilisema sana hilo la kuegesha. Walilisema kanisani, wakalirudia kwenye supu ya samaki baada ya mazishi, na kila aliyelisema alimtupia Hilja jicho kuona kama litamtoa chozi. Halikumtoa. "Hilja ni jasiri," walisema, wakajiongezea kahawa. Kwetu mtu asiyelia huitwa jasiri na maswali huishia hapo.

Yeye alijua kwamba si ujasiri. Ilikuwa ganzi. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, alilala kwa sababu taa imezimwa. Alichokuwa akikingoja ni kilio, kije tu, hata kidogo, hata mahali pa aibu. Kila akisugua masufuria ya shule swali lile lile lilimrudia: kama mume amekufa na mimi silii, miaka yote ile niliishi na nani? Na yeye, maskini, aliishi na nani?

Alijaribu kujisaidia. Alifungua kabati, akalitoa koti la kazi la Ensio, akazika uso ndani. Likanuka sabuni. Wifi yake alikuwa amekuja siku ya pili ya msiba akafua kila kitu, mpaka kofia, mpaka foronya, kwa nia njema ya mtu asiyejua afanye nini na mikono yake. Hilja alikuwa amemshukuru, tena akamkatia keki.

Likabaki gari, na gari lilikuwa jokofu. Hapa sina budi kueleza habari ya thamostati, maana asiyeijua hiyo hamjui Ensio. Ni kidude cha kujaa kiganja, kinakaa njia ya maji ya injini kama bawabu mlangoni. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yazunguke humo humo yapate moto. Injini ikishapata moto kinafungua, maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Zamani watu wa huku walikuwa nazo mbili, ya kiangazi inayofungua mapema na ya majira ya baridi inayochelewa, wakizibadilisha kama wanavyobadilisha matairi. Ensio alitia ya kiangazi mwaka mmoja wa joto, baada ya gari kuchemka akivuta trela la kuni kwenye mlima wa Paljakka, na hakuitoa tena. "Injini ya baridi haifi," ndio ulikuwa msemo wake. Watu wengine hujikinga kwa kutia hata kipande cha boksi mbele ya rejeta wakati wa baridi. Yeye hata boksi alilikataa.

Injini haikufa, ni kweli. Walioteseka ni abiria. Hita ya gari lile ilipuliza upepo wa pango, na Hilja alisafiri miaka na miaka amejifunika blanketi la sufu, miguu ndani ya buti za manyoya, akikwangua barafu iliyoganda upande wa ndani wa kioo apate tundu la kuchungulia nje. Ensio alishika usukani kwa glavu nene na kumung'unya peremende zake za ladha ya lami ya misonobari, alizozishika tangu alipoacha sigara. Hawakuzungumza. Ukifungua mdomo mvuke unaganda kwenye kioo, kazi inaongezeka. Na katika baridi ya namna ile pua nayo haina kazi, hainusi kitu.

Aliyempinga Ensio alikuwa mmoja tu, Eelis Juntunen, fundi wa gereji iliyo karibu na kanisa, rafiki yake tangu utoto. Kila Jumamosi walikaa uchi kwenye sauna ya Eelis, chumba cha mvuke wa mawe ya moto, wakabishana mpaka mawe yapoe, na Hilja aliwasikia kutoka barazani.

"Funua kifuniko cha oili uone mwenyewe! Mayonezi matupu! Injini isiyopata moto haikaushi maji yake, yanachanganyika na oili. Unaiua taratibu."

"Mayonezi nitalia viazi."

"Ungekuwa unaishi jehanamu ningekuelewa. Unaishi Kainuu, bwana!"

"Lilichemka, Eelis. Nilikuwepo, hukuwepo."

"Lilichemka kwa sababu rejeta ilijaa mbu! Mbu wa Paljakka! Thamostati ni mlango tu, mlango hauongezi rejeta. Ungesafisha mbu, basi."

"Mlango wangu uko wazi. Karibu."

"Na shemeji je? Unamgandisha kama samaki wa sokoni."

"Hilja hajawahi kulalamika."

Kweli, hakuwahi. Alifikiri mume anaona mwenyewe blanketi. Mume naye, kwa vile hakusikia neno, alifikiri blanketi linatosha. Ndoa nyingi za huku zimesimama juu ya kufikiri kwa namna hiyo. Eelis akishindwa, Ensio alimwaga maji juu ya mawe na kufunga shauri: "Mtaibadilisha nikishakufa." Sikio la kufa halisikii dawa.

Mchana ule ule wa mkia, Tuomo, mwana wa pekee wa Hilja, alipiga simu kutoka mji wa Oulu.

"Mama, nimesikia habari ya waya."

"Umeshasikia?"

"Shangazi kanipigia. Mama, achana na hilo jokofu. Jumamosi nakuja na trela, nalipeleka kwa wanunua vyuma. Nitakutafutia gari dogo lenye joto."

"Sawa."

"Sawa kweli, au sawa ya kunyamazisha?"

"Sawa, mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unalala?"

"Nalala."

Akakata simu, akageuza maandazi kwenye trei. Kuuzwa kwa gari hakukumuuma. Kilichomuuma kidogo, kama huko kwaweza kuitwa kuuma, ni kwamba hakukumuuma. Lakini hadi Jumamosi alihitaji kufika kazini, na bila kupashwa moto gari halingewaka alfajiri. Kazi ilipokwisha akalipeleka kwa Eelis.

Eelis alikuwa amelala chini ya trekta la mtu. Alitoka, akajifuta mikono, akaliona tundu linaloning'inia, akauona waya kiti cha nyuma. Mtu mwingine yeyote angemcheka mpaka Pasaka.

"Shemeji," alisema. "Wewe pia?"

"Mimi pia."

"Hata mke wa mchungaji aliwahi. Usijali. Nitalifunga tundu, si kazi. Fungua boneti."

Hakumngoja, akaifungua mwenyewe. Akatazama humo ndani, halafu mkono wake ukaenda kwenye kifuniko cha oili kana kwamba hauna mwenyewe. Alikizungusha, akakitoa, akakigeuza juu. Ndani yake kulijaa uji mzito mweupe.

"Mayonezi," alisema Hilja.

"Mayonezi." Sauti ya Eelis haikuwa na ushindi wowote. Alichungulia tena, akagonga bomba moja jembamba kwa kidole. "Na hapa ndipo injini inapopumulia. Pameshaanza kuziba kwa barafu. Kukiziba kote injini inakosa pumzi, inasukuma oili yake nje, na wewe uko katikati ya msitu, nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Shemeji, siwezi kukuacha uende hivi. Wiki hii hii ingekufa."

"Jumamosi linakwenda kwa wanunua vyuma."

"Na kati ya leo na Jumamosi?"

Hilja aliketi kwenye kreti la soda lililopinduliwa karibu na jiko, akaona Eelis ameshtuka kidogo. Ndipo akakumbuka kwamba hapo palikuwa mahali pa Ensio, alipokuwa akiketi kumvurugia fundi kazi. Akataka kusimama.

"Kaa, kaa," alisema Eelis. "Kreti halili mtu."

Alimwaga maji ya injini kwenye beseni, akafungua boliti mbili, akatoa thamostati ya kiangazi. Ilikuwa imechakaa na kuwa ya kahawia. Kisha akapanda kwenye ngazi, akapapasa rafu ya juu, akashuka na kiboksi chenye vumbi la miaka. Ndani yake mlikuwa na thamostati mpya ya majira ya baridi.

"Niliinunua mwaka ule ule tulioanza kubishana," alisema. "Niwe nayo tayari siku akikubali."

Akateleka sufuria la maji kwenye jiko, akazitumbukiza zote mbili.

"Hilo sufuria unapikia?" aliuliza Hilja.

"Soseji. Mara moja moja."

"Mungu wangu, Eelis."

"Ngoja uone."

Wakainama wote wawili juu ya sufuria. Maji yalianza kutoa mvuke, bado mtu angeweza kuthubutu kuchovya kidole, na thamostati ya Ensio ikafunua mdomo. Ile nyingine ilitulia imefumba. Vitone vilianza kupanda kutoka chini ya sufuria, kelele ikaanza, maji yakakaribia kuchemka, ndipo na yenyewe ikafunguka polepole.

"Umeona?" Eelis alisema, na uso ukamwangaza, sauti ikapanda. "Ya kwanza ina pupa, inauachia moto wote kabla haujafaa kitu! Hii ya pili inangoja injini ishibe kwanza. Umeona sasa, Ens—"

Alikuwa amegeukia kreti. Aliyekuwa juu yake alikuwa Hilja.

Mdomo wa Eelis ulibaki wazi. Halafu mzee yule mwenye shingo ya fahali akavua kofia yake, akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, vibaya, bila ustadi, kama mtu anayelifanya jambo kwa mara ya kwanza. Maji yaliendelea kuchemka na thamostati zikawa zinagongana sufuriani.

Hilja alizima jiko. Alimwekea mkono begani kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Moyoni alimwonea wivu, wivu mkavu na mchungu. Rafiki amelia na mke amekauka. Basi jibu la swali langu ndilo hilo, alijiambia, pengine sikumpenda; kungoja zaidi ni kwa nini?

"Samahani, shemeji," Eelis alisema, akipenga kamasi kwenye tambara la oili. "Miaka yote nilitaka kumshinda huyu mtu. Leo nimemshinda na sina wa kumwambia. Nilikuwa nafurahia ubishi wenyewe, nadhani. Haya. Nirudishe ya kwake au nifunge hii? Amri ni yako."

"Yeye alisemaje?"

"Unajua alivyosema."

"Alisema mkaibadilishe akishakufa," Hilja alisema. "Amekufa."

Eelis alifunga ile mpya, akarudisha maji ya injini. Akamwaga oili chafu, akatia nyingine, akazibua bomba la kupumulia, akaimarisha tundu kwenye bampa. Alipotaka kuitupa thamostati ya kiangazi kwenye pipa la vyuma, Hilja alinyoosha mkono bila kujua sababu, akaichukua, akaitia mfukoni ingali na joto la sufuria.

"Huo waya," Eelis aliita wakati gari linatoka, "asubuhi uchomoe!"

Barabara ya kwenda kwake inafuata ziwa. Jua lilikuwa limekaribia mstari wa misonobari na barafu ya ziwa imegeuka rangi ya waridi, jambo ambalo huku halimshangazi mtu. Hilja aliendesha na blanketi magotini kwa mazoea. Kwa muda hita ilipuliza upepo ule ule wa pango. Halafu mshale wa joto, ambao siku zote ulisinzia chini kabisa, ukaanza kupanda. Ukapita mahali ambapo hajawahi kuuona, ukaendelea, ukafika katikati na kusimama. Upepo kwenye viganja vyake ukawa vuguvugu, kisha ukawa wa moto.

Kitu cha kwanza kilikuwa maumivu ya vidole vya miguu. Kiungo kilichokufa ganzi kikipata joto huuma kwanza, kila mtoto wa huku analijua hilo, na Hilja aliuma meno akaendelea kuendesha. Kioo cha upande wa abiria, upande wake wa siku zote, kikaanza kutoa machozi. Barafu ya ndani iliteleza vipande vipande, na lile tundu alilolikwangua mara ya mwisho, ukubwa wa kisahani, likapanuka mpaka kioo kizima kikawa wazi, msitu ukaonekana. Alivua kofia. Alilisukuma blanketi chini. Hakukumbuka kama aliwahi kukaa kichwa wazi ndani ya gari hili wakati wa baridi.

Ndipo harufu ikaja.

Ilitoka kwenye kitambaa cha kiti alichokikalia, kwenye mkanda, kwenye zulia chini ya pedali. Baridi ilikuwa imeifungia humo tangu Novemba, na joto lilikuwa sasa linaifungulia. Dizeli ya gari la theluji. Kahawa iliyomwagika safari fulani na ugomvi mdogo uliofuata. Sufu iliyolowa. Na juu ya yote lami, zile peremende, mdomo wake Ensio, shingo yake, jinsi alivyonuka akigeuka kitandani. Wifi alikuwa amefua kila kitu. Gari hakulifua.

Hilja alipunguza mwendo. Alisogea pembeni vizuri, akasimama, akawasha taa za tahadhari ili asimzibie mtu njia. Aliposikia zile taa zikiwaka na kuzima, tik, tik, alijua ni nini alichokifanya na nani aliyekuwa amekifanya kabla yake. Kilio kikaja. Hakikuja kidogo. Kilimkunja juu ya usukani mpaka honi ikalia, na kunguru wakaruka kutoka kwenye misonobari.

"Mkaidi wewe," alimwambia. "Mkaidi! Si ungeibadilisha tu hiyo thamostati? Si ningekunusa humu ndani ungali hai? Nimeganda miaka yote hii kando yako, na mimi mjinga nimenyamaza. Ningesema siku moja tu, Ensio naona baridi. Ungeitoa siku hiyo hiyo, najua ungeitoa. Najua."

Alilia mpaka akachoka, uchungu na nafuu vikiwa kitu kimoja. Akapumua ndani kwa nguvu, akapumua tena. Mara ya tatu ilimjia hofu. Harufu ilikuwa ile ile, au ilikuwa imepungua? Ni mpishi. Anajua harufu haijai chumbani bila kuondoka kwenye chungu. Hita ilikuwa inapuliza kwa nguvu zake zote, ikimtoa Ensio kwenye kitambaa na kumtawanya hewani.

Alinyoosha mkono akaizima.

Alifika nyumbani vioo vimeganda tena, blanketi limemfika kifuani. Aliuchomeka waya kwenye gari na kwenye nguzo, akaingia ndani, akaiweka thamostati ya kiangazi dirishani karibu na kikombe cha Ensio. Kisha akampigia Tuomo.

"Mama? Una mafua? Sauti imekwama."

"Sina mafua. Eelis ametengeneza gari."

"Hita nayo? Inapata moto?"

"Inapata moto sana."

"Basi afadhali. Mpaka Jumamosi angalau hutaganda."

"Nimeizima."

"Umeizima? Mama, nje nyuzi ishirini na tano! Kwa nini?"

"Baba yako yumo ndani," alisema Hilja. "Nikiiacha iwake, nitammaliza kwa siku moja."

Kutoka Oulu, mbali, ikasikika pumzi ya mtu anayejikaza na kushindwa. Hilja alimsubiri mwanawe, naye akilia bila kuficha, mpaka wote wawili wakatulia.

"Jumamosi njoo," alimwambia. "Ila trela liache. Tutakaa garini mimi na wewe, tutaiwasha kidogo."